Mtamba Pacha wa Ilagala

Wenzangu mliobaki ofisini mmeniomba niandike machache kabla sijayasahau, na mmoja wenu akaongeza kwamba yawe mambo ya kutia moyo. Hilo siwezi kuliahidi. Ninachokumbuka vizuri ni mabuti yangu ya kwanza, yaliyonipwaya kwa sababu stoo haikuwa na saizi ya mwanamke, na harufu ya machinjio asubuhi, na ng'ombe. Watu nawakumbuka pia, hasa wale waliokuja na ng'ombe.

Nilipopangiwa Kigoma nilifurahi, kwa kuwa ni kwetu. Siku ya kwanza nilikuta wafugaji wawili wamekaa kwenye benchi nje ya ofisi. Nikawaamkia, nikauliza shida yao. Mmoja akajibu kwa adabu kwamba wanamsubiri Bwana Mifugo. Nikawaambia Bwana Mifugo ndiye mimi. Wakatazamana. Kisha yule mkubwa akasimama, akavua kofia, akasema, "Haya, Bwana Mifugo, mbuzi wetu wanaharisha."

Jina hilo halikunitoka tena. Nimeitwa Bwana Mifugo na wanaume, wanawake, wachungaji na mashehe, na mume wangu naye alikuwa akipiga simu ya ofisi na kuomba kuongea na Bwana Mifugo, maana akitaja jina langu walimwambia amekosea namba. Wengi mnaosoma hapa hamjui jina nililopewa na wazazi wangu. Simlaumu mtu. Hata mimi nilikuwa nimeacha kulitumia kazini, na nitalitaja litakapohitajika.

Mwalimu wangu wa kweli alikuwa mkaguzi wa nyama, Mzee Sefu, mtu wa Ujiji, mwembamba, mwenye koti jeupe ambalo sikuwahi kuona limechafuka, ingawa mimi langu lilichafuka kabla sijafika getini. Nilimwendea nikiwa na vyeti vyangu kwenye bahasha. Hakuvitazama. Alinipa kisu na jiwe la kunolea, akaenda kuendelea na kazi zake. Nilinoa mpaka nikadhani amenisahau. Aliporudi alipitisha kidole gumba kwenye makali, akasema, "Sasa tunaweza kuongea."

Siku hizo, kama siku hizi, ng'ombe mwenye mimba hakutakiwa kuchinjwa. Na siku hizo, kama siku hizi, mwenye ng'ombe aliapa kwa kila kitakatifu kwamba hana mimba, halafu tumbo likafunguliwa. Mzee Sefu alikasirika kila mara kama ndiyo mara yake ya kwanza kuona. Alimfokea mwenye mali mpaka mtu akakosa pa kuweka mikono. Halafu alinawa, akaniita kwenye meza ya zege.

"Njoo usome. Kimekufa bure, basi angalau kimfae mtu."

Kijusi cha kwanza alichonionyesha kilikuwa na ukubwa wa panya, hakina nywele, na ngozi yake iliruhusu kuona mishipa. Akaniuliza, dume au jike? Nilichungulia katikati ya miguu ya nyuma, sikuona cha dume, nikajibu jike. Akacheka hadi akashika meza. Akaniambia kwa umri huo anayetafuta uume katikati ya miguu ataandika jike mwaka mzima.

Ndipo akanieleza, na nawaelezeni kama alivyonieleza, kwa sababu sijapata maelezo bora. Mwanzoni kabisa ndama wote tumboni ni sawa. Kila mmoja ana kipele kidogo nyuma, na ndani ana mirija ya aina mbili, ya kike na ya kiume, kama mtu aliyenunua tofali na mabati kabla hajaamua atajenga nini. Kisha kwa yule atakayekuwa dume, korodani zinaanza. Ni ndogo kama punje ya mchele, bado zimo tumboni, lakini zimeshaanza kutengeneza homoni. Mzee Sefu aliziita homoni matarishi.

"Korodani ni ofisi mpya," alisema. "Ikifunguliwa tu inatuma matarishi wawili. Mmoja anakwenda kubomoa nyumba ya kike. Mwingine anajenga ya kiume, na hicho kipele anakisogeza mbele mpaka karibu na kitovu. Wewe usitazame katikati. Tazama kipele kimefika wapi."

"Na jike?"

"Jike hapelekewi tarishi wa kubomoa. Nyumba inabaki, inakua, inakuwa mji wa mimba. Kipele kinakaa kwao, chini ya mkia."

Chuoni nilifundishwa majina marefu ya matarishi hao, na mtihani nilifaulu. Lakini kuwaona wakiwa kazini niliwaona pale, kwenye zege. Msije mkadhani Mzee Sefu alijua kila kitu. Mzee huyohuyo aliamini kwamba ng'ombe akilala ubavu wa kulia baada ya kupandwa atazaa dume, na tulibishana juu ya ubavu huo mpaka alipostaafu. Nilimpenda sana.

Siku moja tumbo lilitoka na vijusi viwili, dume na jike. Mzee Sefu hakuvigusa kwanza. Aliutandaza mfuko uliovibeba, akanionyesha kwamba makondo yao ya nyuma yalikuwa yameungana katikati, na mishipa ya damu imevuka kutoka upande mmoja kwenda mwingine. Akabonyeza mshipa kwa kidole upande wa dume, akasukuma taratibu. Damu ikavuka, ikaingia upande wa jike.

"Umeona? Matarishi wa kaka wamevuka mpaka. Wamemkuta dada, hawaulizi wewe ni nani, wanabomoa. Huyu angezaliwa, watu wangesema mtamba mzuri. Kwa ndani hana nyumba."

Kwa ng'ombe, karibu kila mtamba aliyezaliwa pacha na dume huwa hivyo. Dume mwenyewe kwa kawaida hadhuriki sana. Niliyahifadhi hayo kama mtu anavyohifadhi ufunguo wa nyumba asiyokwenda mara kwa mara.

Vifaa vyetu vilikuwa vichache. Tulikuwa na kipimajoto, na glavu ndefu za plastiki zinazofika begani, ambazo tulizifua na kuzianika kwenye kamba, wapita njia wakadhani tumechuna mtu. Mafuta ya kulainishia mkono yalipokwisha, tulitumia mawese. Yanafaa, ila asubuhi ya baridi yanaganda, na yasipoganda mkono unatoka mwekundu mpaka kwapani. Kuna mama mmoja wa Rusimbi alizirai akidhani nimemuua ng'ombe wake. Tangu siku hiyo kwanza huwa nawaonyesha chupa. Nilikuwa pia na mrija wa kioo niliorithi kwa Mzee Sefu, mnene kama kidole, ambao kazi yake mtaiona sasa hivi.

Mzee Sefu alikuwa ameshastaafu nilipoitwa Ilagala. Aliyeniita ni Mzee Bihoga, mfugaji ambaye kwa jirani zake, wavuvi wote, alionekana mtu wa ajabu kwa kupenda ng'ombe kuliko samaki. Alikuwa amemwoza binti yake kwa kijana wa Buzebazeba aitwaye Yohana, fundi wa pikipiki. Mama wa Yohana alikuwa mjane mwenye ng'ombe wachache wa maziwa nyuma ya nyumba, hata sisi nyumbani tulinunua maziwa kwake, na katika mahari alitoa mtamba mmoja. Huyo mtamba sasa alikuwa mkubwa, mnene, anang'aa, na hashiki mimba. Hata dume hamtafuti.

Nilifika nikakuta viti vimepangwa uani. Upande mmoja Mzee Bihoga na ndugu zake. Upande wa pili Mama Yohana amevaa kitenge cha kanisani, na Yohana pembeni yake anatazama mikono yake. Mlangoni kulikuwa na begi la nguo, zipu imefungwa. Nilielezwa mara moja maana yake. Binti alikuwa ameitwa nyumbani na baba yake. Ikithibitika kwamba wakwe walitoa ng'ombe tasa makusudi, binti harudi Buzebazeba. Wote walikuwa wakinisubiri mimi na kioo changu.

"Butoyi, mletee Bwana Mifugo maji anawe," Mzee Bihoga aliita.

Akatoka binti mrefu, mtulivu, amebeba ndoo. Kwetu jina hilo halihitaji maelezo. Pacha wa kwanza kutoka anaitwa Bukuru, wa pili Butoyi. Bukuru wake alikuwa amekaa kati ya baba zake wadogo, kijana wa kiume aliyefanana naye mpaka kwenye masikio. Niliyaona hayo yote, nikanawa, nikaenda kwa mtamba.

Nilianza na macho. Shingo nene kuliko ya mtamba wa kawaida, sauti nzito, na chini ya uke kishungi cha nywele ndefu. Nikaulainisha mrija wa kioo, nikauingiza polepole. Kwa mtamba mzima unaingia na kuendelea. Huu uliingia kidogo tu, ukagota. Nikaingiza mkono kwa njia ya haja kubwa, nikatafuta mji wa mimba pale unapotakiwa kuwa. Nilipapasa kitu chembamba kama kamba ya kiatu.

Nikatoa mkono, nikamuuliza Mama Yohana, "Mama, huyu alizaliwa peke yake?"

"Peke yake kwa nini?" alijibu, na akajiweka sawa kwenye kiti. "Huyu ni wa amahasa! Alizaliwa na dume, siku moja, tumbo moja. Watu walikuja kumtazama. Walitaka kumnunua nikakataa. Nikasema huyu ni wa baraka, huyu ndiye anayemfaa mkwe wangu, naye ni mtoto wa amahasa. Pacha kwa pacha. Mimi nidanganye?"

Kosa lilikuwa hilo, na lilitokana na heshima. Mahali pengine mtu angetoa mtamba yeyote. Mama huyu alichagua katika zizi zima, akamtoa yule aliyemwona bora, na kati ya wote ndiye pekee asiyeweza kuzaa.

Nikawaeleza. Niliwaeleza vizuri, kwa Kiswahili na Kiha, kuhusu mirija ya aina mbili, matarishi, makondo yaliyoungana na damu iliyovuka. Nikasema hakuna aliyedanganya. Nikasema mtamba huyu alifanywa tasa na kaka yake kabla hajazaliwa, na kwa nje hakuna ambaye angejua. Mzee Bihoga alikuwa anatikisa kichwa polepole, kichwa cha mtu anayeridhika. Alimgeukia Mama Yohana na nikaona anatafuta maneno ya kuomba radhi.

Ila Mama Yohana hakuwa anamtazama yeye. Alikuwa anamtazama binti aliyesimama na ndoo.

"Ngoja kwanza, Bwana Mifugo," alisema. "Umesema jike akikaa tumbo moja na dume, dume anambomolea."

"Kwa ng'ombe, mama."

"Basi na sisi tumepewa vilevile. Mvua zimepita, zimepita tena, mwanangu hajaitwa baba. Nilikuwa nanyamaza. Kumbe mmetupa Butoyi aliyebomolewa na Bukuru, halafu mnatuita hapa kutulaumu kwa ajili ya ng'ombe!"

Bukuru aliinamisha kichwa kama aliyeshtakiwa kwa wizi. Nilikuwa nimekuja kulifungua lile begi, na kwa maneno yangu mwenyewe, yote ya kweli, nilikuwa nimelifunga zaidi. Niliogopa. Sikumbuki kuogopa hivyo mbele ya fahali yeyote.

Butoyi aliweka ndoo chini. Hakulia. Aliuliza kwa sauti ya kawaida kabisa, "Kwa hiyo na mimi nitapimwa kwa kile kioo?"

Hakuna aliyecheka. Nikasema hapana, mwanangu. Nikaanza upya. Kwa ng'ombe makondo huungana na mishipa huvuka. Kwa watu, mapacha wa kiume na wa kike kila mmoja ana kondo lake na damu yake, na hata makondo yakigusana, kwa kawaida mishipa haiungani.

"Kwa kawaida," Mama Yohana alirudia.

Hilo ndilo tatizo la kufundishwa kusema kwa uangalifu. Neno lile dogo, ambalo Mzee Sefu angenipongeza nalo, lilinigeuka papo hapo.

"Na hayo umeyaona wapi, Bwana Mifugo?" aliendelea, na hakuwa na dharau. Alikuwa anauliza kweli. "Ya ng'ombe umeyaona machinjio. Ya watu nani kakufungulia?"

Sikuwa na kijusi cha mtu cha kumwonyesha, na nashukuru. Sikuwa na kitabu. Nilikuwa na mkono mmoja mwekundu wa mawese na mrija wa kioo. Nikavua glavu, ambayo kwa kufuliwa mno ilikuwa ikivuja, nikaiweka juu ya ndoo.

"Mama, unajua jina langu?"

Akashangaa. "Wewe ni Bwana Mifugo."

"Nilizaliwa Bwana Mifugo?"

Ndugu mmoja wa Mzee Bihoga akaguna. Mama Yohana akasema polepole kwamba hajawahi kuuliza.

"Mimi ni Butoyi," nikasema.

Nilikuwa sijalitamka kazini kwa muda mrefu, na lilitoka na ukwaruzo. Mzee Bihoga aliinuka nusu ya kiti. Akauliza swali ambalo Muha yeyote angeuliza.

"Bukuru wako ni nani?"

"Ni mwanamume. Anavua dagaa. Ana ndevu mpaka hapa."

"Tumbo moja?"

"Tumbo moja, Mzee. Yeye alitangulia, na mpaka leo anajidai kwa hilo."

Mama Yohana alinitazama kuanzia kwenye mabuti. Nilijua swali linalofuata, nikaliacha aliulize mwenyewe.

"Na watoto?"

"Watatu. Nimewazaa mimi, hakuna niliyemlea kwa niaba. Wa mwisho umemwona, ndiye aliyekuja kwako na chupa ya maziwa, ukamwongezea kidogo."

"Yule mwenye mwanya?"

"Ego. Ni wangu."

Nikaona niseme yaliyobaki, maana sikutaka aondoke na uongo wa aina nyingine. Nikamwambia sijui kama Butoyi atazaa wala lini. Ninachojua ni kwamba kaka yake hakumchukulia kitu. Kama wana wasiwasi, waende hospitali, na waende wote wawili, mke na mume. Hapo Yohana aliinua kichwa kwa mara ya kwanza. Alimtazama mama yake, kisha mkewe, akasema, "Nitakwenda. Hata kesho." Ndiyo maneno pekee niliyomsikia akisema siku ile, na yalitosha.

Mama Yohana aliinuka, akakung'uta kitenge. Akatembea mpaka mlangoni, akalichukua lile begi kwa mkono wake, akampa Yohana alifunge kwenye pikipiki. Akamwambia Mzee Bihoga kwamba mtamba mwingine atakuja, na safari hii atakuwa amezaliwa peke yake. Mzee Bihoga akacheka, wote wakacheka, kwa sauti kubwa kuliko utani wenyewe.

Nilipokuwa napanda pikipiki yangu Butoyi alikuja kunimwagia maji nioshe mkono. Mawese hayatoki kwa maji matupu, na sote wawili tulilijua hilo, lakini aliendelea kumwaga.

"Asante, somo," alisema.

Yule mtamba aliletwa machinjio baadaye, na nilimkagua mwenyewe. Nyama yake ilikuwa nzuri, safi, yenye mafuta. Nilifungua nyonga kwa ajili ya vijana waliokuwa wanajifunza, nikawaonyesha ile kamba ya kiatu, na mahali ambapo nyumba ingekuwa. Niliwaambia kuhusu matarishi. Nikawaambia pia kwamba mkienda kulieleza jambo hili uani kwa watu, kwanza ulizeni ni nani kati ya waliokaa hapo alizaliwa pacha.

Nilirudi kwenye chanjo, kupe na hesabu za chupa za dawa. Misimu ilipita. Sikusikia kitu kutoka Ilagala wala Buzebazeba, na sikuuliza, kwa sababu kuna maswali ambayo kuuliza kwake ni kumsukuma mtu. Nilikaribia kustaafu.

Asubuhi moja nilikuwa chumba cha ndani, naandaa sampuli ya damu ya mbuzi, glavu mikononi. Nikasikia sauti ya mwanamke mapokezi.

"Habari za asubuhi. Namtafuta Butoyi."

"Nzuri. Hapa hatuna Butoyi," karani alijibu. Alikuwa kijana mgeni, ila hata wa zamani angejibu hivyo. "Labda ofisi ya kilimo."

"Yuko hapa."

"Dada, mimi nina majina ya watumishi wote. Hayumo."

Mtoto mchanga akakohoa, kile kikohozi cha mtoto aliyebebwa mgongoni na kubanwa sana na kanga.

"Yumo," yule mwanamke alisema taratibu, kama anayesoma anwani. "Bukuru wake ni mwanamume. Ana watoto watatu. Mwambie somo yake amekuja kumwonyesha wa kwake."